Gregory, mtu wa Bonde la Ufa aliyeikosa bahari ya barafu

Ukiamka mapema Isiolo, kabla mawingu hayajajikusanya, utauona Mlima Kenya upande wa kusini umesimama wazi, na kileleni kuna weupe kidogo. Ni kidogo kweli. Picha zilizopigwa zaidi ya miaka mia moja iliyopita zinaonyesha barafu nene ikishuka mabondeni, mahali ambapo leo ni mawe matupu. Kwa sisi wa pwani, Isiolo ilikuwa jina la mbali, lakini tangu mradi wa LAPSSET uanze kutajwa, jina hilo linatamkwa pamoja na la Lamu, na mambo ya huko yametuingia na sisi.

Mtu wa kwanza kuifikia barafu ya mlima ule na kuandika habari zake kitaalamu alikuwa Mwingereza, John Walter Gregory. Wanafunzi wetu hulisoma jina lake kwenye jiografia, kwa kuwa sehemu ya Bonde la Ufa inayopita Kenya huitwa kwa jina lake. Wasichoambiwa mara nyingi ni kwamba safari yake ilianzia Mombasa, na kwamba waliomfikisha huko ni watu wa pwani hii. Tena maisha yake yote mtu huyu alikuwa akifuata barafu, ya milimani na ya baharini, na ile aliyoikosa ndiyo inayotuhusu sana siku hizi, hasa wakati nyangumi wanapopita Watamu.

Alizaliwa tarehe 27 Januari 1864 huko Bow, mashariki mwa London. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa sufi. Akiwa na miaka 15 aliacha shule akawa karani kwenye mauzo ya sufi, kazi ya kuhesabu na kuandika. Jioni alisoma madarasa ya usiku katika chuo cha Birkbeck, na humo ndimo alimojifunza mambo ya miamba. Mwaka 1887 akapata kazi katika Jumba la Makumbusho la Historia Asilia la London, kitengo cha jiolojia, na mwaka 1891 akapata shahada yake ya kwanza. Mtu aliyesoma kwa taa baada ya kutoka kazini anastahili heshima ya jambo hilo, hata kama mengine yake yatatuudhi huko mbele.

Mwishoni mwa 1892 alikuja Afrika Mashariki akiwa mtaalamu wa viumbe na miamba katika msafara mkubwa wa Waingereza uliokusudia kwenda mbali kaskazini. Msafara ule ulivunjika mapema. Mtu mwingine angepanda meli arudi kwao. Gregory alibaki Mombasa, akakusanya wapagazi wapatao 40 na mwezi Machi 1893 akatoka nao kwa miguu, yeye akiwa Mzungu peke yake. Alikuwa na miaka 29.

Hapa inafaa tusimame kidogo. Wapagazi wa zama zile, waliojulikana kama Wazanzibari hata kama wengi hawakuzaliwa Unguja, walikuwa watu wa kazi hiyo hasa. Walikuwa wakizijua njia za bara, wakijua hongo hutolewa wapi na maji hupatikana wapi, na Kiswahili chao ndicho kilichofungua mazungumzo kijiji baada ya kijiji. Kila mpagazi alibeba mzigo wake kichwani au begani, na juu ya huo chakula chake, chungu na mkeka. Bila wao hakuna Mzungu ambaye angefika Naivasha, seuze Baringo. Msafara wa Gregory ulipita Ukambani, ukaingia katika bonde kubwa, ukafika Ziwa Baringo, ukavuka nyanda za Laikipia kuelekea mlimani, kisha ukarejea pwani kupitia nchi ya Wakikuyu. Ilikuwa miezi mitano, zaidi ya kilomita 2,500 kwa miguu.

Bondeni ndiko alikothibitisha jambo lililompa jina. Mtaalamu wa Austria, Eduard Suess, alikuwa ameshakisia kwa kusoma maelezo ya wasafiri kwamba ardhi ya Afrika Mashariki imepasuka. Gregory alikwenda akaziangalia kingo zenyewe, akaona kwamba bonde lile halikuchimbwa na mto. Ardhi ilikuwa imekatika pande mbili na kipande cha katikati kikazama. Neno la Kiingereza alilolitumia kwa bonde la aina hiyo ndilo lililotuletea sisi Bonde la Ufa.

Tukirudi mlimani, habari za theluji kwenye ikweta zilikuwa zimeanzia huku huku kwetu. Krapf, mmisionari wa Rabai, aliuona mlima ule mwaka 1849 akiwa Ukambani, na akaambiwa habari za weupe wa kileleni na watu walioujua siku zote. Mabwana wa London walimcheka. Mwaka 1887 Teleki alipanda sehemu kubwa ya mlima lakini hakuigusa barafu. Gregory aliigusa. Alipita msitu wa mianzi uliojaa matope, akatokea kwenye nyasi za juu, akaendelea hadi karibu mita 5,000 na kuikanyaga barafu ambayo aliipa jina la Lewis, kwa heshima ya mtaalamu mmoja wa Marekani aliyechunguza barafu.

Wapagazi wake walikuwa na nguo za pwani. Usiku mmoja baridi ilikuwa kali, na asubuhi waliamka wakakuta maji ya vyungu yamekuwa meupe na magumu. Mmoja wao aliyeitwa Fundi akayapiga kwa kijiti, kijiti hakikuingia. Wakamwendea Gregory kumwambia kwamba maji yamerogwa. Akaweka chungu kimoja motoni. Yalipoyeyuka wakafurahi kwamba shetani ametoka, lakini alipogeuka tu waliyamwaga yote wakaenda kuteka mengine kijitoni.

Gregory alikiweka kisa hiki kitabuni ili wasomaji wake wa London wacheke, na kimekuwa kikirudiwa mpaka leo. Mimi nakisoma vingine. Mtu ambaye hajawahi kuona maji yakigeuka jiwe, akayapima kwa kijiti, akauliza, kisha akakataa kunywa kitu asichokijua akatafuta cha uhakika, huyo ana akili timamu. Mabwana wa London waliomcheka Krapf hawakupima hata kwa kijiti.

Kule juu Gregory aliona jambo lenye uzito kuliko urefu wa kilele. Chini sana ya mahali barafu ilipokuwa imefika siku hizo, alikuta malundo ya mawe na udongo ya aina ambayo huachwa na barafu inayorudi nyuma. Maana yake ni kwamba zamani barafu ilishuka mbali zaidi, na ilikuwa imesharudi juu kabla ya yeye kufika. Aliandika makala ya kitaalamu kuhusu jambo hilo mwaka 1894, na mwaka 1896 kikatoka kitabu chake kikubwa juu ya Bonde la Ufa.

Kurudi nyuma kule kumeendelea, na kwa kasi ambayo yeye hakuijua. Mwanzoni mwa karne ya 20 mlima ulikuwa na vipande 18 vya barafu. Leo vimebaki vichache na vidogo. Barafu ya Lewis ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010. Ile iliyopewa jina la Gregory mwenyewe, ambayo zamani ilikuwa imeshikana na ya Lewis, imekwisha.

Watu wa Isiolo wana haki ya kuuliza kama hiyo ndiyo sababu ya mto Ewaso Ng'iro kukauka kiangazi. Jibu la kweli ni kwamba si hiyo. Barafu ile imekuwa ndogo mno kuulisha mto. Maji ya Ewaso Ng'iro yanatoka kwenye mvua inayonyesha juu ya misitu na nyanda za juu za Mlima Kenya na Aberdare, na yanapotelea njiani kwa mvua kuchelewa na kwa mabomba na mifereji ya mashamba ya juu, yakiwemo ya maua na mboga za kuuzwa Ulaya, kabla hayajafika Archer's Post na Merti. Wafugaji wa chini ndio wanaobaki na mchanga. Ukame wa 2020 hadi 2023 ulilionyesha hilo kwa mizoga ya ng'ombe. Kuyeyuka kwa barafu ni dalili ya joto, na joto hilo linawahusu, lakini anayewaambia kwamba mto umekauka kwa sababu theluji imeisha anawatoa macho kwenye mabomba.

Mwaka 1896 Gregory alikwenda upande wa pili wa dunia, kisiwa cha Spitsbergen karibu na ncha ya kaskazini, pamoja na Martin Conway na wenzao, wakawa wa kwanza kuvuka sehemu ya ndani ya kisiwa hicho. Mtu aliyekuwa ameiona barafu ya ikweta sasa akaiona ya kaskazini, inayofika hadi baharini. Wachache sana zama zile walikuwa wameziona zote mbili kwa macho yao.

Mwaka huo huo Fridtjof Nansen wa Norway alirudi kutoka safari yake ya miaka mitatu. Chombo chake, Fram, kiling'oa nanga mwezi Juni 1893, wakati Gregory na watu wake wakiwa njiani bara. Nansen alikuwa amejiachia makusudi anaswe katikati ya barafu ya bahari, na kiangazi alipochota maji ya vidimbwi vilivyokuwa juu ya barafu na kuyatazama kwa hadubini, alikuta yamejaa uhai. Nusu karne kabla yake, daktari na mtaalamu wa mimea Joseph Hooker alikuwa ameona bahari ya kusini kwamba barafu yenye rangi ya kahawia haikuchafuliwa na udongo. Rangi ile ilikuwa diatomu, mimea midogo isiyoonekana kwa jicho, kila mmoja ukiwa ndani ya kigamba chake cha kioo.

Diatomu ni sehemu ya kile ambacho wataalamu huita planktoni ya mimea, vijimea vinavyoelea na kupelekwa na maji. Mvuvi wa kwetu anazijua kwa rangi ya bahari. Wakati wa kusi, maji baridi yanapopanda kutoka chini kwenye pwani ya Somalia, bahari hugeuka kijani na samaki hufuata. Huko kwenye ncha za dunia jambo kama hilo hutokea kila mwaka kwa sababu nyingine.

Maji ya bahari yakiganda husukuma nje sehemu kubwa ya chumvi yake. Kwa hiyo barafu ya bahari ikiyeyuka hutoa maji yaliyo karibu matamu, na maji hayo ni mepesi. Hukaa juu kama mafuta yakaavyo juu ya mchuzi. Wakati wote wa baridi dhoruba zilikuwa zikiyakoroga maji na kuleta juu mbolea iliyokuwa chini, lakini jua halikuwapo. Sasa jua limerudi, barafu inarudi nyuma, na pembeni mwake kuna utando huo wa maji mepesi usiozama. Vijimea vilivyomo ndani yake havivutwi tena kwenda gizani. Vinabaki juu, penye mwanga na chakula, na vilivyokuwa vimejishika chini ya barafu humwagika kama mbegu. Ndani ya siku chache bahari hubadilika rangi. Barafu ikisogea, mkanda huo wa kijani nao husogea nyuma yake. Upepo mkali ukivuma, utando hukorogeka na shamba huvunjika, kwa hiyo si kila ukingo wa barafu wenye mavuno.

Gregory alikuwa karibu sana kuiona bahari hiyo ya kusini. Alikuwa ameteuliwa kuongoza wataalamu wa msafara wa Waingereza wa Antaktika, uliopewa meli ya Discovery. Wakati huo alikuwa ameshahamia Australia kuwa profesa Melbourne, tangu mwaka 1900. Kwa mawazo yake, safari ile ilikuwa ya elimu, na nahodha kazi yake ni kuendesha meli. Clements Markham, mkubwa wa Chama cha Kifalme cha Jiografia, alitaka kila kitu kiwe chini ya afisa wa jeshi la majini, Robert Scott. Mabishano yalidumu miezi. Gregory alipoona kwamba wataalamu watakuwa chini ya amri ya mwanajeshi, alijiuzulu, mwezi Mei 1901. Discovery iliondoka bila yeye mwezi Agosti.

Wako wanaosema alikuwa na kiburi. Naona alikuwa na haki, ingawa haki hiyo ilimgharimu safari ambayo hakuipata tena. Nani atangulie, mwenye cheo au mwenye ujuzi, ni ugomvi tunaoujua hata kwenye kamati zetu za ufuo.

Bahari ya Ross, ambako Discovery ilikwenda, ndiko ambako wataalamu wa Marekani mwaka 1983 walipima mkanda wa planktoni ulioenea zaidi ya kilomita 200 kutoka ukingo wa barafu iliyokuwa ikirudi nyuma. Walipolinganisha, mkanda ule ulikuwa umeshikamana na ule utando wa maji mepesi. Mwaka 2011, upande wa kaskazini, wengine wakakuta planktoni nyingi ikistawi hata chini ya barafu yenyewe, kwa kuwa imekuwa nyembamba na mwanga unapenya.

Sasa nyangumi wa Watamu. Kila mwaka, kuanzia mwezi wa saba hivi hadi wa kumi, nyangumi wenye nundu hupita kwetu, wengine na watoto wao, na mashua za watalii huwafuata. Wanatoka bahari ya kusini. Huku kwetu huja kuzaa na kupandana, na karibu hawali kitu. Mafuta wanayoishi nayo wameyapata Antaktika kwa kula krili, kamba wadogo waishio kwa makundi makubwa. Krili nao wanakula diatomu, na makinda yao hupitisha baridi wakijikwangulia chakula chini ya barafu. Ndiyo maana haifai kusema kwamba barafu ikipungua basi shamba litapanuka na wote watashiba. Mwezi Februari 2023 barafu ya bahari ya Antaktika ilishuka chini ya kilomita za mraba milioni 2, kiwango cha chini kabisa tangu setilaiti zianze kuipima. Barafu ikikosekana mapema, krili hukosa mahali pa kulelewa. Anayeishi kwa kuwapeleka wageni kutazama nyangumi ana hisa yake kwenye barafu ambayo hataiona.

Gregory mwenyewe aliendelea na kazi. Akaenda jangwani karibu na Ziwa Eyre, safari iliyozaa kitabu kilichovuma Australia, na mwaka 1904 akahamia Chuo Kikuu cha Glasgow na kukaa huko robo ya karne. Mwaka 1919 alirudi Kenya. Kule Olorgesailie, njia ya Magadi, aliona zana za mawe za watu wa kale zikiwa zimetapakaa, miaka zaidi ya 20 kabla ya Mary na Louis Leakey kupafanya mahali hapo pajulikane. Zana zile ziko kati ya matabaka ya udongo mweupe mwepesi, na udongo huo ni diatomu tupu, mabilioni ya vigamba vya kioo vilivyozama katika ziwa ambalo halipo tena. Kariandusi, karibu na Gilgil, udongo wa aina hiyo huchimbwa na kuuzwa. Bahari ya barafu hakuifikia, lakini alitembea juu ya jamaa wa vijimea vile.

Kuna jambo moja ambalo wasifu wake mwingi huliruka. Mwaka 1925 alitoa kitabu kuhusu rangi za watu, akitaka mataifa ya dunia yatengwe kila moja mahali pake na kuonya kwamba kuchanganya damu ni hatari. Hakikuwa kijitabu cha ujana. Alikuwa na miaka 61, profesa mwenye heshima. Msomaji wa pwani ataelewa uzito wake. Sisi ni watu wa kuchanganyika, bibi wa huku na babu wa kule, na wale wapagazi waliomtoa Mombasa wakamrudisha salama walikuwa watu wa mchanganyiko huo huo. Alikula nao miezi mitano. Jicho lililoona ufa wa ardhi ambao wengine hawakuuona lilishindwa kuwaona watu waliokuwa mita mbili kutoka kwake, na ustadi wake wa miamba haulifuti hilo.

Alistaafu mwaka 1929, lakini hakukaa nyumbani. Mwaka 1932 alikwenda Peru kuchunguza milima ya Andes, na tarehe 2 Juni, katika mto Urubamba, mtumbwi wake ulipinduka naye akazama. Alikuwa na miaka 68. Ya wapagazi wake 40, tuliyobakiwa nayo ni majina machache ya mkato ndani ya kitabu chake, Fundi akiwa mmojawapo.